Mzinga Ulipona Rufiji, Ukanyimwa Macho Kondoa

Usiku wa tarehe 9 Mei 1916, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, aliwatuma askari wake kupanda vilima vya Kondoa Irangi gizani, na kwa uamuzi huo mmoja akaitia maji kazi ya miezi mingi ya mafundi, waopoaji na wapagazi. Safu hii haitazunguka mbuyu: uamuzi ulikuwa mbovu. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado wapo wanaoufunika kwa sifa za jumla, eti jemadari asiyeshindwa. Kondoa alishindwa. Tena alishindwa akiwa na askari wengi kuliko mpinzani, mpinzani mwenyewe akiwa na njaa na homa, na jeshi lake mwenyewe lina mzinga wa meli ya kivita uliofufuliwa kutoka kwenye tope.

Kwanza habari za mzinga wenyewe, kwa ufupi. Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, ilizamishwa na mabaharia wake kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, baada ya kukung'utwa na meli za Waingereza, Severn na Mersey. Mizinga yake yote 10 ya milimita 105 ikaopolewa, pamoja na vyuma vya kufungia mitutu vilivyokuwa vimetupwa mtoni ili adui asivipate. Ikaburutwa hadi Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaunda magari ya kuikokota nchi kavu. Kazi safi, haina la kuongeza.

Sasa Kondoa. Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini, aliyepigana upande wa Waingereza, aliingia mjini tarehe 19 Aprili, akitokea Lolkisale, masika yamepamba moto. Farasi wake walikuwa wamekufa kwa mamia njiani kwa maradhi na uchovu, na waliobaki hawakuwa na nguvu ya kubeba mtu. Barabara ya kurudi Arusha ilikuwa tope tupu. Chakula kilifika kwa tabu au hakikufika kabisa. Kikosi chake cha wapanda farasi kiligeuka kuwa wagonjwa waliojibanza mlimani. Lettow-Vorbeck aliona nafasi hiyo, akahamisha kiasi cha watu 4,000 kutoka upande wa Kilimanjaro hadi reli ya kati, kisha kwa miguu kuelekea kaskazini. Kwa hilo apewe haki yake.

Halafu akaharibu.

Mchana wa tarehe 9 aliona walinzi wa mbele wa Waafrika Kusini wameondoka kwenye vilima vya nje. Akasoma kwamba adui anapwaya. Ukweli ni kwamba van Deventer alikuwa amewavuta watu wake ndani ili mzingo wa ulinzi uwe mdogo na mnene, jambo ambalo kamanda yeyote mwenye watu wachache hulifanya. Hapo ndipo penye kosa lenyewe, kabla hata risasi moja haijalia: kilima kitupu kilichukuliwa kuwa dalili ya woga, na hakuna aliyetangulia kupeleleza nini kipo kwenye kilima cha pili. Baada ya saa moja usiku kampuni zikaanza kupanda. Mara nne zilijitupa kwenye mitaro ya askari wa miguu wa Afrika Kusini, mara nne zikarudishwa, hadi saa tisa za alfajiri. Meja von Kornatzki, mmoja wa makamanda wa mbele, akauawa. Asubuhi mji ulikuwa mikononi mwa walewale.

Tuutazame uamuzi huo kwa macho ya mpigaji mzinga. Mtutu wa Königsberg ulikuwa na uwezo wa kutupa kombora zaidi ya kilomita 12. Umbali huo ni faida pale tu penye mtu wa kuona kombora linapoanguka. Mtazamaji hukaa kilimani na darubini na simu. La kwanza linaangukia mbele ya shabaha, anasema ongeza. La pili linapita, anasema punguza. La tatu ndilo linalokaa. Meli baharini ilifanya hivyo kutoka mlingotini. Nchi kavu pale Kondoa, vilima vimejaa na kila kimoja ni mlingoti wa bure, mradi jua liwepo. Likizama, mzinga wa kilomita 12 unakuwa sawa na mzinga wa ndotoni. Ubaya mwingine ni kwamba watu wako wanapopanda gizani hakuna anayejua wamefika wapi, na mpigaji mwenye akili hatathubutu kurusha kombora asije akawaangushia wenzake.

Kwa maneno mengine, kamanda alichagua saa ambayo silaha yake bora haikuweza kusema neno, na silaha bora za adui, yaani mitaro na bunduki za rashasha zilizokwisha kupimiwa eneo la mbele ya mitaro, zilifanya kazi bila hata kulenga. Mlinzi wa usiku hahitaji kuona. Anapiga palepale alipopapima mchana.

Watetezi wake wana hoja moja ya kiufundi, nayo si ya kudharauliwa. Kampuni nyingi za askari bado zilikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayopiga risasi moja moja kwa baruti ya moshi. Mchana, kila mpigaji alijitangaza kwa wingu jeupe juu ya kichwa chake. Usiku huficha moshi. Sawa. Lakini baruti ileile hutoa ulimi wa moto mdomoni mwa mtutu, na gizani ulimi huo unaonekana kuliko wingu lolote la mchana. Aliyekimbia moshi aliukumbatia moto. Dawa ya bunduki ya 1871 ilikuwa inajulikana tangu vita vya Tanga, Novemba 1914: ipigwe kwa kujificha, kwa karibu, adui akiwa ndiye anayetembea. Tanga ndiko walikookota bunduki za kisasa za Waingereza zilizotosha kampuni tatu. Kondoa waliigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu, wao ndio wakawa wanatembea.

Kisha kuna risasi, na hapa inaingia Rubens. Meli hiyo ya magendo ya Wajerumani iliteketea ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915, na shehena yake ikatolewa majini. Risasi zilizolala kwenye maji ya chumvi zilivunjwa moja moja: kichwa kikang'olewa, baruti ikaanikwa, ganda likasafishwa kutu ya kijani, kisha zikaunganishwa upya na kujaribiwa. Mbovu kabisa zikabaki za mazoezi ya shabaha. Ni kazi ya subira ambayo yeyote anayefufua rivolva ya babu anaitambua mara moja, na anajua pia kwamba risasi iliyofufuliwa haipaswi kuaminiwa kama mpya.

Kwenye rivolva, risasi ikigoma hasara ni ndogo. Kwenye shabaha unasubiri kidogo mtutu ukielekea mbele, maana fataki mbovu huweza kuchelewa. Vitani unavuta tena, duara linazunguka, tundu jingine linakuja mbele ya nyundo. Rashasha ya Maxim haina huruma hiyo. Inajipakia kwa nguvu ya mshtuko wa risasi iliyotangulia. Risasi isipolia, mashine inasimama, na mpigaji lazima avute mkono wa pembeni na kuitoa bubu ile kwa mikono. Mchana ni sekunde chache. Usiku, mlimani, huku unapigwa, ni jambo jingine. Jeshi lenye risasi za kuokoteza kwenye maghala yake lilikuwa na sababu moja zaidi ya kukaa, kuzingira na kungoja kukuche.

Na kungoja kulikuwa na faida gani? Kubwa. Masika yalikuwa upande wa Lettow-Vorbeck. Reli ilikuwa nyuma yake Dodoma, kiasi cha kilomita 160, wakati van Deventer alitegemea njia ndefu zaidi iliyozama. Meli nyingine ya magendo, Marie, ilikuwa imetia nanga Sudi mwezi Machi wa mwaka uleule, ikaleta makombora ya mizinga ya Königsberg pamoja na silaha nyingine. Angeikata njia ya kaskazini, akaweka watazamaji vilimani, akapiga kambi na mabwawa ya maji kwa siku kadhaa mfululizo mchana kweupe, ndipo angepima kama mji unahitaji kupandwa. Badala yake alianza na shambulio, na kupigana kwa mizinga kukaja baadaye, wiki baada ya wiki, wakati moyo wa kushambulia umekwisha kuvunjika na Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, ameanza kujipanga upande wa mto Pangani.

Wazee wa nyanda hizi waliijua kanuni hii, ya kuitumia silaha kwa kadiri ya uwezo wake, bila chuo cha kijeshi. Jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, lilikuwa na mikuki mingi na bunduki chache, nyingi zikiwa kuukuu. Halikwenda kugonga boma la mtu usiku. Lilichagua njia ambayo kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, hana budi kuipita, likalala kwenye majani, likangoja msafara unyooke, likamaliza kazi kwa dakika chache asubuhi. Zelewski akafa, na Wahehe wakaondoka na bunduki kama 300 na mizinga mitatu. Mirambo wa Urambo naye, miaka ya 1870, aliwaendesha wapiganaji wake, ruga-ruga wenye magobore, kwa mwendo ambao wafanyabiashara wa Tabora hawakuuwezea. Hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kutumia silaha nje ya uwezo wake.  

Van Deventer, tumpe mstari wake: alibana mzingo, akaweka akiba mahali pake, akanyamaza.

Matokeo yalikuwa ya haraka. Mwisho wa Juni kikosi cha Lettow-Vorbeck pale Kondoa kikajitoa mlimani, na tarehe 29 Julai Waafrika Kusini wakaingia Dodoma na kuikata reli ya kati. Majeshi yote mawili yaliila Ugogo: nafaka, ng'ombe, na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofuata, ikaja njaa kubwa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Vitabu vya kumbukumbu za maofisa vina kurasa nyingi za kumsifu kamanda na farasi wake. Fundi wa karakana aliyetengeneza magurudumu ya mzinga hana jina humo, wala mpagazi aliyeukokota hadi mlimani. Safu hii imelalamika kuhusu hilo mara nyingi, na itaendelea.

Mashabiki wa Lettow-Vorbeck hukimbilia vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, na ni kweli kule aliwaumiza Waingereza vibaya, zaidi ya watu 2,000. Lakini waangalie alivyocheza. Alijichimbia, akawaacha wao ndio waje, siku nne mfululizo, na kila silaha aliyobaki nayo ikapata la kufanya. Huo ndio mchezo aliopaswa kuucheza Kondoa alipokuwa bado ana reli, karakana ya Dar es Salaam na mizinga mingi ya Königsberg ikiwa mizima. Alipovuka Ruvuma Novemba 1917, hakuna hata mmoja uliovuka naye. Mzinga wa Königsberg uliopo Fort Jesus, Mombasa, umewekwa karibu na mzinga wa Pegasus, meli ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 na ambayo nayo mizinga yake iliopolewa ikapigana nchi kavu.

Toleo lijalo tutashuka Kahe, Machi 1916, ambako mzinga mwingine wa Königsberg ulilipuliwa na wenyewe kwa sababu ulikuwa umefungwa mahali pamoja na hauhamishiki. Huko pia kuna maswali ya kumuuliza kamanda.