Namba Zisizosogezwa

Ukiwa na kompyuta ya Linux, andika amri fupi ya iw na kadi ya Wi-Fi itajieleza: chaneli inazozijua, nguvu inayorushia mawimbi, masafa iliyokatazwa. Kadi ya kampuni nyingine, yenye saketi tofauti kabisa, itajibu kwa mtindo uleule. Ulinganifu huo haukujileta. Kuna watu walioketi wakaamua kipi mtumiaji akione, kipi akiguse, na kipi asikifikie kamwe. Ufundi wao nausifu.

Katika miaka ya 1990 Jean Tourrilhes alibuni Wireless Extensions, mpango wa programu kuzungumza na kadi za Wi-Fi katika Linux, na amri yake ya iwconfig ikatumika kwa miaka mingi. Wi-Fi ilipopanuka, mpango huo ukaelemewa. Mwaka 2007 ukaingia mpango mpya, nl80211, ambao ndio iw huutumia na ambao Johannes Berg ameufanyia kazi kubwa.

Faili la nl80211.h ndilo la kusomwa polepole. Humo kila amri na kila sifa ina namba yake, na kipya huongezwa mwishoni tu. Ni mwiko kupenyeza kitu katikati, kwa sababu programu iliyoandikwa miaka kumi iliyopita bado inaamini kwamba namba ile ina maana ileile. Hiyo ni ahadi kwa watu ambao waandishi wa kiini cha mfumo hawatawajua kamwe, na inatunzwa. Nidhamu hiyo naiheshimu kuliko werevu wowote wa kuandika msimbo.

Hata nguvu ya mawimbi imefikiriwa. Kiini cha Linux hukwepa hesabu za desimali, basi kila desibeli imekatwa sehemu mia: anayetaka dBm 20, yaani miliwati 100, huandika 2000. Namba nzima, bila kukadiria.

Lakini ustadi mkubwa zaidi umo katika kukataa. Kusoma hali ya redio ni rahisi kwa mtumiaji yeyote. Kuibadilisha kunahitaji mamlaka ya msimamizi. Na msimamizi naye ana mipaka. Chaneli ya 14 ya gigahezi 2.4 inaruhusiwa Japani pekee, na kiini hufuata hifadhidata ya kanuni za kila nchi; kisipojua kipo wapi, hushika kanuni za tahadhari zinazokusudiwa kufaa popote duniani. Kisha kuna rfkill, inayotenganisha redio iliyozimwa na programu na ile iliyozimwa kwa swichi ya kompyuta yenyewe. Ya kwanza huweza kuwashwa kwa amri. Ya pili haifunguki kwa amri yoyote: aliyezima kwa kidole chake ndiye mwenye kauli ya mwisho. Huko ndiko kumheshimu mtumiaji.

Vijana wanaojifunza programu hapa kwetu huvutwa zaidi na kurasa zinazoonekana. Nawaomba watenge jioni moja walifungue faili hilo. Limo katika saraka ya include/uapi/linux, lina maelezo marefu ya waliolitunza, na kulisoma ni bure.