Damu na Jina katika "Adili na Nduguze"

Tangu kilipochapishwa mwaka 1952, kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kimehesabiwa na wasomaji wengi kuwa hadithi ya watoto. Sababu zao zi wazi: mna majini, mna mji uliogeuzwa mawe, mna watu waliogeuzwa manyani, na kila mhusika amebandikwa jina la tabia yake. Hata hivyo, hukumu hiyo imetolewa kwa haraka. Chini ya vazi la ngano limo swali zito la kifamilia: ndugu aliyekusaliti hubaki ndugu yako hadi lini?

Ni dhahiri kwamba kisa hiki kimetokana na hekaya ya Abdallah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Lakini kukopa si kunakili, na thamani ya kazi hii yaonekana hasa pale mwandishi alipoiacha asili yake. Katika hekaya ya Kiarabu ndugu hugeuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu huwa manyani. Badiliko hilo si dogo. Mbwa ni mnyama wa mbali na binadamu kwa sura. Nyani ana viganja na uso unaomkumbusha mtu nafsi yake, naye ndiye yule wa methali asiyeona kundule. Adili ainuapo mjeledi usiku, kinachopigwa mbele yake hakijaacha kufanana naye.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya riwaya. Adili hapigi kwa hasira bali kwa amri ya Huria, na akiacha kupiga ataadhibiwa mwenyewe. Mchana ni liwali wa Janibu. Usiku ni mtesaji asiyetaka kutesa, na akishapiga huwalisha na kuwabembeleza wale aliowapiga. Ikibali, aliyetumwa na Mfalme Rai kufuata kodi, anapoyaona hayo kwa siri, anaona ukatili tu. Hajui kwamba anatazama udugu uliokosa njia nyingine ya kuonekana. Jina la Adili, basi, si cheti cha wema alichopewa bure. Kila usiku linatiwa katika mizani.

Wahakiki wanaolalamika kwamba majina ya aina hii huwafunga wahusika wana haki kwa kiasi fulani. Hasidi na Mwivu ni maneno mawili yenye maana moja, kana kwamba mwandishi hakuona haja ya kuwatenganisha wenye majina hayo. Lakini hapana budi kuutazama mwisho wa kisa. Katika asili yake, ndugu wakishasamehewa hurudia usaliti, nao huuawa: tabia ni jaala, haibadiliki. Shaaban Robert anaukataa mwisho huo. Anawarudishia ndugu utu wao na kuwapa nafasi ya kutubu. Kwa kufanya hivyo anayakanusha majina aliyowapa mwenyewe, kwani hasidi aliyetubu si hasidi tena. Utambulisho wa mtu, kwa mujibu wa riwaya hii, ni jambo liwezalo kuandikwa upya.

Dosari haikosekani. Toba ya ndugu hao inaelezwa kuliko inavyoonyeshwa. Msomaji anaambiwa kuwa wamebadilika, ila hapewi nafasi ya kuingia moyoni mwao katika miaka waliyokaa ndani ya ngozi ya wanyama. Simulizi mbele ya Rai ni ya Adili. Wao, wakiwa manyani, hawana ulimi wa kujieleza. Aidha, msamaha wa Adili peke yake hautoshi kuwafungua: hapana budi mfalme aingilie kati. Familia haijiponyi yenyewe, na mwandishi hasimami kuuliza kwa nini.

Pamoja na hayo, ngano hapa haikutumiwa kama pambo wala kama kimbilio la kuukwepa ukweli. Imekuwa chombo cha kusemea lile ambalo nyumba nyingi hulificha: kwamba damu haifutiki kwa kosa, na kwamba anayeshika mjeledi huumia pamoja na anayepigwa. Kitabu hiki kinastahili kurudishwa katika madarasa ya watu wazima, kisomwe polepole.