Kuteleza kwa Makusudi

Kashai mvua haina ratiba. Mji wetu wa Bukoba hupata karibu milimita 2000 kwa mwaka, na ukituuliza sisi wa mabondeni, nyingi ya hizo huishia kwenye vichochoro vyetu. Mtoto wa hapa hujifunza mapema kuvua ndala, kukunja vidole vishike udongo na kushuka ubavu ubavu. Kuteleza kwetu ni aibu ndogo: kwanza kicheko cha jirani, kisha pole. Ajabu ni kwamba zipo nchi ambako watu huamka alfajiri, mwaka hadi mwaka, ili wajifunze kuteleza vizuri. Na kwamba Mkenya mmoja aliyezaliwa Eldoret aliuingia ufundi huo akiwa na miaka 24, wakati wenzake walioshindana naye walianza wakiwa hawajang'oka meno ya utotoni.

Huyo ni Philip Kimely Boit. Ukoo wake ni wa wakimbiaji: Mike Boit, mkubwa wake katika ukoo huo, alitwaa shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimchukua yeye na mwenzake, Henry Bitok, ikawapeleka Finland kujifunza mbio za nyika za skii. Wazo lilikuwa la kibiashara, na sioni haja ya kulipamba: mkimbiaji wa Kenya juu ya theluji ni tangazo zuri. Boit alikuwa hajawahi kuiona theluji kwa macho.

Miaka miwili baadaye, Februari 12, 1998, alisimama kwenye mstari wa kuanzia huko Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya majira ya baridi. Aliyeshinda siku hiyo ni Bjørn Dæhlie wa Norway, kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25.5. Alikuwa wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 na ushei nyuma ya bingwa. Dæhlie hakuondoka. Sherehe ya ushindi ilingoja, naye akabaki mwisho wa njia mpaka Boit alipofika, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia, wengine wakiwa na machozi, wengine na utani. Mimi simulizi hiyo hainiridhishi. Imemgeuza Boit kuwa mtu wa kuhurumiwa, na imeuacha nje ufundi wenyewe, ambao ndio uliomtoa jasho. Anayetaka kujua kilichotokea Nagano inabidi ashuke chini, atazame miguu.

Skii za mbio hizi ni nyembamba, ndefu kupita kimo cha mtu. Kiatu hushikwa kwa mbele tu. Kisigino kiko huru. Ubao wenyewe hauko bapa: umebinuka kidogo katikati, pale mguu unapokaa. Ukisimama kwa miguu miwili, uzito unagawanyika, sehemu ile ya katikati hailali sawasawa kwenye theluji, na unateleza. Ukiuhamishia uzito wako wote kwenye mguu mmoja na kuukandamiza, mbinuko unalala, na nta maalumu iliyopakwa hapo inaing'ang'ania theluji. Sasa una pa kujisukumia. Ukiachia, ubao unabinuka tena na safari inaendelea. Kushika na kuachia, kwa kupepesa jicho, maelfu ya mara katika mbio moja: mengine yote yamejengwa juu ya hilo.

Sasa mfikirie mkimbiaji. Yeye husukuma ardhi mguu ukiwa umeshabaki nyuma ya mwili, na ardhi haimnyimi. Kwenye skii, mguu ukishabaki nyuma umechelewa. Uzito umeshaondoka, mbinuko umeshainuka, nta haishiki, na teke lote linakwenda bure. Inabidi akandamize pale miguu inapopishana, tena kuelekea chini, si nyuma. Kisha, na hili naona ndilo gumu kuliko yote, asimame juu ya mguu mmoja unaokwenda, atulie, angoje. Mwili uliolelewa na mita 800 haujui kungoja. Kila msuli unamhimiza ashushe mguu wa pili haraka, na kila anapoushusha mapema anauua mwendo alioupata kwa jasho. Kwa hiyo kile kilichomfanya Boit awe mkimbiaji mzuri ndicho kilichokuwa kikimpinga. Mtu asiyewahi kukimbia angekuwa na machache ya kusahau.

Bado mikono. Mkimbiaji wa mbio za kati hujitahidi kifua na mabega visiwe mzigo. Mteleza skii huvihitaji hasa. Kwenye tambarare husukuma kwa fimbo mbili kwa pamoja, akijikunja tumbo na mgongo, na huko mapafu peke yake hayatoshi. Mlima ukiwa mkali hufungua ncha za skii kwa nje na kupanda kwa kukanyagia kingo.

Na mteremko? Kwenye kijiwe cha bodaboda hapa mtaani yupo kijana anayevaa jaketi zito la mtumba, lililoshonwa kwa ajili ya milima ya theluji; kwenye zipu bado inaning'inia tiketi ya plastiki ya kupandishwa kilimani huko Ulaya. Siku moja ya mvua nilimweleza habari za Boit. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama dereva: "Mzee wangu, sasa breki iko wapi?" Haipo. Unachoweza ni kukutanisha ncha za mbele na kuvisukuma visigino kwa nje, kingo zikwaruze theluji. Anayeogopa hufanya hivyo tangu juu hadi chini na kupoteza dakika nzima. Anayejua huchuchumaa, huweka fimbo kwapani na kuuacha mteremko umpeleke.

Halafu kuna nta, somo ambalo halina mwisho. Theluji mpya ya baridi kali ina chembe kali, hutaka nta ngumu. Theluji ya joto hutaka nta laini. Iliyoyeyuka na kuganda tena hutaka kitu kama gundi kinachotoka kwenye tyubu. Mafundi huzitambua nta kwa rangi: kijani na buluu kwa baridi, zambarau karibu na nyuzi sifuri, nyekundu juu yake. Ncha na mkia wa skii hupigwa nta nyingine ya kutelezea, huyeyushwa kwa pasi, hupoa, kisha hukwanguliwa mpaka kwa jicho la kawaida ungeapa hakuna kilichobaki. Hali mbaya kuliko zote ni theluji mbichi inayoanguka ikiwa na majimaji. Ukikosea, inaganda chini ya ubao na unatembea na matofali. Na siku ile Nagano hali ilikuwa ya majimaji kweli.

Ukiyajua hayo, dakika 20 zile zinasomeka vingine. Huyo ni mtu mwenye miaka miwili tu ya kujifunza, kwenye theluji ya kuwatesa hata waliozaliwa nayo, aliyepigana na miguu yake mwenyewe kilomita 10 na kumaliza.

Aliyeyaelewa hayo kuliko watu wote uwanjani ni yule aliyemngoja. Dæhlie alizaliwa Elverum mwaka 1967. Katika Olimpiki 3, za 1992, 1994 na 1998, alivuna medali 12, 8 kati yake za dhahabu, mbali na dhahabu 9 za ubingwa wa dunia. Lakini tazama jinsi dhahabu hizo zilivyokuwa karibu na kukosekana. Mwaka 1994 huko Lillehammer, mbele ya Wanorway wenzake, alikimbia awamu ya mwisho ya mbio za kupokezana, na Italia ikawapita kwa sekunde 0.4. Mwaka 1998 Norway ikalipiza kwa sekunde 0.2. Mtu ambaye maisha yake yamepimwa kwa sehemu za sekunde haoni kichekesho mwenzake anapohangaika. Anaona hasa ni wapi nta ilipokataa na ni wapi mguu ulipochelewa. Ndiyo maana siamini kwamba alingoja kwa huruma. Fundi alimngoja mwanafunzi wa fani yake. Na bingwa huyo huyo, Agosti 1999, aliumia mgongo kwa kuanguka akiwa mazoezini kwenye skii za magurudumu, zile za kujifulia wakati wa kiangazi. Mwaka 2001 akastaafu. Theluji haikumshinda, magurudumu yalimshinda.

Sisi Watanzania tuna wetu aliyefika mwisho. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu huwaweka Akhwari na Boit kapu moja. Nadhani si sawa. Akhwari alikuwa tayari mkimbiaji mahiri. Kila aliyemwona akichechemea alijua analiona jeraha. Boit hakuwa amejeruhiwa popote. Alikuwa anajifunza mbele ya dunia nzima, na kujifunza hadharani ukiwa mtu mzima ni ushujaa wa aina nyingine, ambao kwetu hauna wasifiaji wengi. Mtu mzima wa Kihaya, na nawasema ndugu zangu, angependa akutwe anajua.

Naye hakuishia Nagano. Alishiriki tena Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006, na safari hizo walikuwapo walioingia nyuma yake. Torino alikutana na jirani: Robel Teklemariam wa Ethiopia, aliyejifunza skii tangu utotoni Marekani, naye akamtangulia Boit. Utoto kwenye theluji hauna mbadala. Vancouver 2010 Boit hakufuzu. Kenya ilirudi mwaka 2018 kwa Sabrina Simader, lakini huyo ni wa skii za mteremko, fani nyingine kabisa. Sisi wenye Kilimanjaro hatujapeleka mtu.

Picha za Nagano zinapatikana kirahisi. Ukizipata, msomaji wangu, usikimbilie pale wanapokumbatiana. Tafuta Boit akiwa bado njiani, mtazame anavyouhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, kisha uniambie kama huyo ni mtu wa kuonewa huruma.