Milimita Chache za Goti

Mgonjwa amelala chali, plasta imeondolewa, mfupa umeunga, lakini goti limekakamaa. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua kazi yake halikunji kwa pupa. Hushika muundi kwa mikono miwili chini kidogo ya goti, vidole gumba mbele, vidole vingine nyuma vikipima kama misuli imelegea. Kisha husukuma muundi nyuma, taratibu, milimita chache tu, akaachia, akarudia. Aliyesimama kando haoni kitu.

Ufundi wote umo katika milimita hizo. Goti si bawaba. Mwaka 1836 ndugu wawili Wajerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walieleza kuwa mfupa wa paja huviringika na papo hapo huteleza juu ya muundi. Ungeviringika tu, ungefika ukingoni na kudondoka, maana uso wake uliobinuka ni mrefu kuliko kitako kinachoupokea. Kuteleza ndiko kunakoubakiza mahali pake. Mfuko wa kiungo ukikaza, mtelezo huo hupungua, na anayelazimisha goti kwa kuvuta kisigino huishia kugandamiza nyuso za mifupa.

Mnorwe Freddy Kaltenborn aliyageuza maarifa hayo kuwa kanuni ya mikono: uso uliobonyea huteleza kule kule mfupa unakoelekea, uliobinuka huteleza kinyume chake. Ndiyo maana muundi husukumwa nyuma ili goti likunjike. Begani vipimo havikuitii kanuni hiyo kila mara, na hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi mafundi hawa: huishika kanuni, lakini huamini kile vidole vinachohisi.

Jaribu mwenyewe. Kaa juu ya meza, miguu ining'inie. Weka nukta ya kalamu kwenye kinundu kilicho chini ya pia ya goti, kisha nyoosha mguu polepole. Mwishoni kabisa nukta husogea kidogo upande wa nje: muundi umejizungusha, goti limejifunga. Ndiyo maana unaweza kusimama muda mrefu bila paja kuchoka upesi. Msuli mdogo nyuma ya goti ndio hulifungua tena unapoanza kulikunja.

Goti lililokosa mzunguko huo mdogo huonekana limenyooka, na bado halijapona sawasawa. Ukienda kutibiwa, mwombe mtaalamu aupime nao.