Mlima Umetobolewa, Nami Nimepita Ndani!

Nimepita, jamani! Sisi wa Karusandara, Uganda, mlima tunautazama kutoka tambarare: Rwenzori, mita 5,109, theluji kileleni, na anayekwenda Kongo kwa gari sharti auzunguke, ama Mpondwe ama Bundibugyo. Waliowahi kuutoboa ni wachimba shaba wa Kilembe, tena kwa ajili ya kutoa mali, si kumpitisha mtu. Basi treni ya umeme ya SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, ilipotoka Morogoro kuelekea Dodoma, paji langu lilikuwa limeganda kwenye kioo kama mtoto.

Milima ya Kilosa inakuja. Unangoja treni ikate kona. Haikati! Giza ghafla. Masikio yanaziba, mlio wa magurudumu unageuka kuwa ngurumo, na kwenye kioo unajiona mwenyewe umeachama. Mara mwanga, bonde, miti; hujameza mate, giza tena!

Mahandaki ni manne, jumla mita 2,620, na lililo refu zaidi lina mita 1,031. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, hilo refu ni sekunde 23 tu. Nilitamani kumwomba dereva arudi nyuma.

Waliojenga ni Yapi Merkezi wa Uturuki, na abiria walianza kwenda Dodoma Julai 2024. Lakini kilichoniacha hoi ni njia yenyewe ilivyochaguliwa. Reli ya kale ya Wajerumani inaandamana na mto Mkondoa bondeni, na mvua zikizidi mto huibeba. Sisi tuliouona mto Nyamwamba Mei 2013 ukishuka na mawe yake kutoka Kilembe hatuhitaji maelezo. Safari hii mto umeachiwa bonde lake, reli ikaingia mlimani. Hiyo ndiyo akili!

Na sasa sikilizeni: Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni hiyohiyo kujenga SGR kutoka Malaba hadi Kampala. Mipango ya baadaye ina tawi la magharibi hadi Mpondwe, hapo hapo Bwera! Najua, reli iliyofika Kasese 1956 imelala miaka mingi, kwa hiyo simshauri mtu apange foleni ya tiketi leo. Ila wahandisi wakifika kwetu, tafadhali watafute kilima kimoja cha kutoboa, hata kama si lazima. Mita 200 zinanitosha.