Aliyekataa pendekezo hajakaidi

Kitenzi cha Kiingereza 'turn down' kina matumizi mengi. Kwa redio ni kupunguza sauti. Kwa shuka la kitanda ni kulikunja. Maana inayotushughulisha leo ni ile ya kukataa: kukataa ombi, kazi, mwaliko au posa. Anayekitafsiri neno kwa neno huishia kusema 'aligeuza chini ombi', na msikilizaji hubaki ameduwaa.

Kisawe chake cha kwanza ni 'kataa', na aghalabu kinatosha. Tatizo ni kwamba wanahabari wetu, kwa kuogopa kurudia neno moja, hutia mkono kwenye kapu la visawe na kuchomoa chochote: kaidi, dinda, goma, susia, kana. Maneno haya ni majirani, ila hayakai nyumba moja.

Tuchukulie kuna baraza pale Kinna, Garbatulla, katika Kaunti ya Isiolo. Mgeni amekuja na pendekezo la kutenga sehemu ya malisho. Wazee wa Kiborana wanamsikiliza, wanashauriana, kisha mmoja anasema 'dide', yaani nimekataa. Wenzake wanaafiki. Kesho yake habari inatoka: 'Wakazi wa Kinna wakaidi mradi.' Hapo mwandishi amekwisha kuwahukumu. Anayekaidi ni yule aliyeamriwa na mwenye mamlaka juu yake akashupaza shingo. Mtoto humkaidi mzazi, askari humkaidi mkubwa wake. Wazee wale hawakuamriwa na mtu. Waliombwa, na anayeombwa ana hiari ya kutoa au kunyima. Kiingereza nacho kina mpaka huohuo: hakuna anayesemekana ame-'turn down' amri ya mahakama.

Sheria iko upande wa wazee hao. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kinataka mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii uidhinishwe na thuluthi mbili ya wanajamii walio watu wazima, katika mkutano ulioitwa mahususi kulijadili toleo lenyewe. Ikiwa sheria inadai idhini yao, basi kuinyima idhini hiyo ni haki, na haki haikaidi. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab, kwenye kaunti hiyohiyo, zilianzishwa kinyume cha sheria, umma ukiwa haukushirikishwa ipasavyo. Wakazi waliofika kortini walikuwa wakipinga hifadhi hizo kwa miaka kadhaa. Waliowaita wakaidi muda huo wote watawaitaje sasa?

'Dinda' ndilo linalonikera zaidi. Kwenye vichwa vya habari vya Kenya, kila anayekataa 'amedinda': mbunge amedinda kuomba radhi, mwalimu amedinda kurudi darasani. Msomaji wa Tanzania huangua kicheko, kwa kuwa kwao kitenzi hicho huelezea hali ya mwili wa mwanamume ambayo si ya kufafanuliwa hapa. Kwetu nako kina harufu ya ukaidi, kwa hivyo hata kwa Mkenya hakimfai mzee aliyekataa kwa adabu.

'Goma' na 'susia' yana nafasi yake. Anayegoma anaacha kazi au jambo alilokuwa akilifanya ili kushinikiza. Anayesusia anajitenga na shughuli ili isihesabiwe kuwa ameiridhia. Wasomali wa iliyokuwa ikiitwa NFD, Isiolo ikiwa ndani yake, waliususia uchaguzi wa Mei 1963 kwa kuwa walitaka eneo hilo liungane na Somalia. Hawakuwa wakikataa mgombea huyu au yule. Walikataa meza yote, na hapo 'susia' ndilo neno.

Kosa jingine ni la mahakamani: 'mshukiwa alikataa mashtaka.' Mashtaka hayaletwi kama chai, useme asante, sinywi. Mashtaka hukanwa au hukanushwa. Kukana ni kusema jambo hilo si langu, sikulitenda. Kukanusha ni kusema habari hiyo si kweli. Julai 2025, Seneti ilipokubali pingamizi la awali la Gavana wa Isiolo, Abdi Guyo, dhidi ya hoja ya kumwondoa mamlakani, ni gavana aliyekuwa akikanusha mashtaka. Seneti yenyewe ilitupilia mbali hoja, tena kabla ya kuyapima mashtaka hayo. 'Tupilia mbali' hapa ni sahihi kabisa. Anayesema kwamba Seneti ilikanusha mashtaka, au ilimwona gavana hana hatia, anasema mengine.

Mtaani nako kuna yao. 'Amemkatalia ombi' ni Kiswahili safi, lakini ukisikia 'mgeni amekatalia kwetu', jua amegoma kuondoka. Vijana husema kumtolea nje mtu, kumtosa, kumpiga chini. La kwanza ndilo linalokaribia 'turn down', maana anayetolewa nje ni aliyebisha hodi akaomba. Kutoswa na kupigwa chini ni kwa yule ambaye alikwisha kukubaliwa, kisha akaachwa. Kijana aliyepeleka posa ikarudishwa hajatoswa. Hakuwahi kupanda chombo.