Sekunde 50 za Kigamboni

Waliotazama zile picha za usiku za Kigamboni wanaikumbuka ya tatu. Posta ya Dar es Salaam inaonekana kutoka ng'ambo ya mkondo: mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, paa la Azania Front, majengo marefu nyuma yake, na pantoni imeshaacha gati la Magogoni. Anga lina bluu iliyokolea, maji yamelainika, fremu imekaa sawasawa. Kisha jicho linafika kwenye taa, na hapo picha inakufa. Taa za barabarani zimekuwa madoa meupe. Madirisha ya ghorofa yameungana yakawa ukuta mmoja. Pantoni yenyewe haipo. Umebaki mstari mnene usio na rangi.

Kipima mwanga kilikuwa kimesoma sekunde 10 kwa f/8, ISO 100. Mpiga picha, mkongwe aliyetumia filamu miaka na miaka kabla ya kushika dijitali, akaiacha shata wazi kwa sekunde 50.

Ulikuwa uamuzi mbovu, na unastahili kuchambuliwa kwa sababu aliyeufanya si mwanagenzi. Anaujua usiku kuliko wengi wanaoandika kuuhusu. Alichokosea ni kutumia elimu ya chombo kimoja kwenye chombo kingine.

Namba 50 haikutoka hewani. Kila aliyewahi kupiga filamu ya Tri-X baada ya magharibi anaijua, maana ipo kwenye jedwali la Kodak: kipimo kikisema sekunde 1, toa 2, kikisema 10, toa 50, kikisema 100, toa 1,200. Filamu huchoka. Punje ya chumvi ya fedha inahitaji kupigwa na mwanga mara kadhaa kwa karibu karibu ndipo alama yake ishike na kusafishika. Mwanga ukija kwa kudonoa, alama ya kwanza hufutika kabla ya ya pili kufika. Mwanaastronomia Mjerumani Karl Schwarzschild alilipima jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 alipokuwa akipiga picha za nyota, na tangu hapo wapiga picha wa usiku wamekuwa wakilipa deni hilo kwa dakika za ziada.

Sensa ya kamera ya dijitali haina deni hilo. Kila pikseli ni ndoo chini ya bomba: muda ukiongezwa mara mbili, maji yanaongezeka mara mbili, iwe ni sekunde ya kwanza au ya arobaini. Ndoo ikijaa, imejaa. Kutoka sekunde 10 hadi 50 ni mara tano, yaani stopu mbili na ushee. Kwa hiyo kila taa, kila dirisha na kila kiakisi cha majini kilichokuwa kimevuka sehemu ya tano ya ujazo kwenye sekunde 10 kilifurika kwenye sekunde 50. Baada ya hapo hakuna cha kuokoa. Faili ghafi huwa na siri nyingi vivulini, lakini palipofurika hapana kitu; ukivuta chini unapata kijivu badala ya weupe.

Filamu ingemsamehe kidogo. Negativu ina bega: mwanga mkali unapozidi, mkunjo unalala polepole, na fundi wa chumba cha giza anaweza kuichoma taa hiyo kwenye karatasi mpaka waya wake uonekane. Mkongwe amelitegemea bega hilo maisha yake yote. Kwenye sensa halipo.

Kuna jambo linalouma zaidi. Hata kwa sheria za filamu yenyewe, sekunde 50 ni nusu ya dawa. Jedwali lile lile la Kodak linaagiza kwamba ukitoa 50 badala ya 10, upunguze muda wa kusafisha kwa asilimia 20. Sababu ni kwamba vivuli ndivyo vinavyochoka. Taa hazichoki kiasi hicho, kwa hiyo muda wa ziada unazipandisha kupita kiasi na lazima zirudishwe kwenye dawa. Kwenye dijitali hakuna dawa ya kuzirudisha. Mkongwe alichukua nyongeza, akaliacha punguzo.

Na onyo lilikuwepo. Kioo cha nyuma kilikuwa mbele yake, histogramu imebanwa kwenye ukuta wa kulia. Safu hii imewahi kuwasema vijana wanaochungulia kioo baada ya kila fremu, na msimamo huo haujabadilika kwa picha za mchana. Usiku ni habari nyingine. Usiku kipima mwanga kinadanganywa na giza, jicho linadanganywa na mazoea, na histogramu ndiyo shahidi pekee. Kuidharau kwa sababu Tri-X haikuwa nayo ni ukaidi.

Mengine aliyafanya vizuri: tripodi nzito, waya wa kufyatulia, fokasi kwa mkono, na saa iliyochaguliwa kabla anga halijawa jeusi tii.

Haitoshi kusema kwamba filamu ilimharibu. Wakubwa wa filamu wasingefanya kosa hili, kwa kuwa walikuwa wakifikiria taa kwanza. Brassaï, alipokuwa akizunguka Paris usiku mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipima muda kwa sigara: aina moja kwa mwanga huu, nyingine nene zaidi kwa giza zito. Lakini kabla ya kuwasha sigara alikuwa ameshaificha taa nyuma ya mti au kona ya ukuta, au amengojea ukungu uipoze. Aliipima sigara kwa vivuli baada ya kumalizana na taa.

Julius Shulman ndiye mwalimu mkubwa zaidi. Mwaka 1960 alipiga ile nyumba ya vioo ya Pierre Koenig juu ya vilima vya Los Angeles, Case Study House namba 22. Mji uliokuwa chini ulihitaji muda mrefu. Wasichana wawili waliokaa ndani wasingeweza kutulia muda wote huo. Shulman aliacha shata wazi kwa takriban dakika 7 ili taa za mji ziingie, kisha akafyatua fleshi kwa ajili ya nyumba na watu wake. Kila mwanga ulipewa muda wake kwenye kipande kimoja cha filamu. Hakuwa na kioo wala histogramu, na hakuna doa lililofurika.

Ukiiweka picha ya Kigamboni kando ya hiyo, unaona kilichokosekana. Posta ina mianga mitatu isiyolingana: taa kali, kuta zilizoangaziwa, na maji meusi. Mkongwe aliipa yote mitatu sekunde zile zile 50.

Lawama nyingine iwafikie wanaofundisha. Darasa baada ya darasa, wanaotoka kwenye filamu huambiwa kwamba sensa ni filamu isiyohitaji kusafishwa. Kisha wanafundishwa kupandisha ISO hadi 3200 huku kamera iko juu ya tripodi, jambo ambalo safu hii italipinga mpaka mwisho. Hawaambiwi kwamba tatizo la sensa kwenye muda mrefu ni joto. Sensa ikipata moto, kelele huongezeka. Kwa kila ongezeko la nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi, mkondo wa giza, yaani umeme ambao sensa huutoa hata bila mwanga, huwa karibu mara mbili. Katika usiku wa pwani yenye joto, hilo ndilo la kuhesabu, wala si uchovu wa Schwarzschild.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2012, mwanaanga Don Pettit, akiwa kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, alitaka michirizi ya nyota ya dakika 10 hadi 15. Hakuacha shata wazi muda wote huo, kwa kuwa kelele ingeifunika picha. Alipiga fremu nyingi za sekunde 30, kisha akazipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta.

Kigamboni haihitaji hata wingi huo. Sekunde 2 kwa taa na madirisha, pantoni ikiwa bado imeegeshwa gatini. Sekunde 10 kwa kuta na anga, kama kipimo kilivyosema. Hata zile 50 zingepata kazi, kwa maji meusi ya mbele peke yake. Fremu tatu, tripodi isiguswe, ziunganishwe mezani. Pantoni zingali zinavuka, na jicho lililoipanga fremu ile bado ni zima. Mkongwe arudi ng'ambo, na safari hii aanze kwa kupima taa.